Sista Fidelma au Bruda Cadfael: uanze na mtawa yupi?

Ukimwomba mpenzi wa riwaya za upelelezi wa kale akutajie mtawa anayefumbua mauaji, atakupa moja ya majina mawili: Sista Fidelma wa Ayalandi au Bruda Cadfael wa Shrewsbury, Uingereza. Wote wawili ni Waselti kwa damu, yaani wa jamii ile ya Waayalandi na Wawelshi. Wote wana akili kali, na wote wamekwisha kuona mengi ya dunia kabla hadithi haijaanza. Kwa miaka nimekuwa nikisoma kitabu cha huyu kisha cha yule, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyoona kuwa wanajibu maswali mawili tofauti kabisa. Cadfael huuliza dhamiri inataka nini. Fidelma huuliza sheria inasemaje, na nani anamdai nani. Ukishajua ni swali lipi linalokugusa zaidi, kazi ya kuchagua imekuwa nyepesi.

Kwanza tuwajue wenyewe. Fidelma ni kazi ya Peter Tremayne, jina la uandishi la Peter Berresford Ellis, mwanahistoria aliyezaliwa Coventry, Uingereza, mwaka 1943, ambaye kwa jina lake halisi ameandika vitabu vingi vya historia ya Waselti. Fidelma alijitokeza mwaka 1993 katika hadithi fupi, na riwaya yake ya kwanza, Absolution by Murder, ikatoka mwaka uliofuata. Sasa vitabu vimepita 30. Cadfael yeye ni wa Ellis Peters, jina la uandishi la Edith Pargeter (1913–1995), mwanamke wa Shropshire aliyeandika kuhusu mkoa wake mwenyewe. Riwaya za Cadfael ni 20, kuanzia A Morbid Taste for Bones ya mwaka 1977 hadi ile ya mwisho ya mwaka 1994, pamoja na kitabu kimoja chembamba cha hadithi fupi tatu. Ukienda dukani uwe mwangalifu na majina haya: Peter Ellis na Ellis Peters ni watu wawili, na nimeona rafu zilizowachanganya.

Baina yao kuna karibu miaka 500. Fidelma anaishi miaka ya 660 na 670, wakati Ayalandi ina wafalme wengi wadogo na Ukristo wake una desturi zake. Cadfael anaanza kazi mwaka 1137, Uingereza ikielekea kugawanyika katika vita vya kugombea kiti kati ya Mfalme Stephen na binamu yake Maud. Kwa hiyo anayetafuta jamii ya Waselti wa kale kabisa, yenye lugha, sheria na kanisa lake, jibu lake ni Fidelma tu. Cadfael ni Mwelshi anayeishi ndani ya abasia ya Kibenedikto mpakani mwa Wales. Uselti wake uko katika lugha ya mama, katika kumbukumbu, na katika safari chache anazovuka mpaka.

Sheria ndiyo roho ya Fidelma

Fidelma si mpelelezi aliyebahatika kuwepo palipotokea mauaji. Ni dálaigh, yaani wakili wa mahakama, na cheo chake cha elimu ni anruth, ngazi moja tu chini ya ile ya juu kabisa. Alisomea Tara kwa mwalimu anayemtaja kila mara, Brehon Morann. Brehon ni hakimu wa Ayalandi ya kale, na sheria waliyoitumia huitwa kwa jina lao. Kwa kuwa ana mamlaka hiyo, hata mfalme au abate akikunja uso, humkumbusha kuwa analazimika kumjibu.

Sheria yenyewe inavutia kuliko vitendawili vingi vya mauaji. Kila mtu huru alikuwa na kiwango cha heshima yake, kilichoitwa lóg n-enech, na maana ya maneno hayo ni thamani ya uso. Sisi tunaosema uso umeumbwa na haya hatuhitaji kuelezwa kwa nini uso ndio uliobeba heshima ya mtu. Ukimtukana, ukimjeruhi, ukimvunjia ugeni wake, unamlipa kwa kiwango hicho. Akiuawa, kuna malipo mengine juu yake, éraic, ambayo kwa Kiswahili sina neno la karibu zaidi ya diya: kwa mtu huru ilikuwa cumal 7, na cumal moja kwa hesabu ya kawaida ni ng'ombe 3 wa maziwa. Wenye kukusanya, kulipa na kugawana ni ndugu. Ndiyo maana katika vitabu hivi mauaji hayawi jambo la muuaji na marehemu peke yao. Ukoo mzima unasimama mlangoni ukisubiri jibu.

Utaona uzito wake katika Suffer Little Children, riwaya ya tatu. Msomi mmoja mwenye jina kubwa kutoka ufalme wa Laigin ameuawa akiwa mgeni katika abasia moja ya Muman, ufalme wa kwao Fidelma. Laigin wanadai thamani ya heshima yake, na wanachodai ni ardhi: ufalme mdogo mzima wa Osraige. Wasipopewa, ni vita. Fidelma anatakiwa kumpata muuaji na pia kuonyesha nani hasa anayewajibika kisheria, kwa sababu kama lawama haiwaangukii Muman, dai linaanguka. Sijasoma riwaya nyingine ya upelelezi ambamo swali la nani alipe linatisha kuliko swali la nani aliua.

Katika The Spider's Web, chifu ameuawa na anayeshikwa na kisu mkononi ni kijana asiyeona, asiyesikia na asiyesema. Kijiji kimekwisha kumhukumu. Fidelma anasimama kidete kwamba sheria inampa haki ya kutetewa na kusikilizwa kama mwingine yeyote, na sehemu nzuri kuliko zote za kitabu ni pale anapotafuta njia ya kumsikiliza. Sitaitaja. Na katika Our Lady of Darkness sheria mbili zinakabiliana: abasia moja imeanza kutumia adhabu za kanisa la Roma, zenye kitanzi ndani yake, badala ya sheria ya fidia, na aliyehukumiwa kunyongwa ni rafiki yake wa karibu kuliko wote.

Sasa Cadfael. Yeye hana mamlaka yoyote ya kisheria. Ni mtunza bustani ya mitishamba, mtengeneza dawa, aliyekuwa mwanajeshi wa vita vya msalaba na baharia, akaingia utawani akiwa mtu mzima. Sheria iko kwa naibu wa shirifu (msimamizi wa sheria wa mfalme), Hugh Beringar, rafiki yake. Na mara kadhaa, Cadfael akishaujua ukweli, hamwambii mtu. Humwacha mkosaji aende na mzigo wake, au humtafutia kijana asiye na hatia njia ya kutoroka kabla shirifu hajafika. Huona kuwa kuna makosa ambayo kamba ya mnyongaji haiyaponyi.

Fidelma angemshtaki kwa kuficha ushahidi, na nasema hivyo nikiwapenda wote wawili. Kwake yeye ukweli ni lazima usemwe mbele ya watu wote, na karibu kila kitabu chake kinaishia barazani, wahusika wote wamekaa, naye amesimama anafungua fundo moja baada ya jingine. Ukipenda mwisho wa aina hiyo utafurahi mara 30. Usipoupenda, kwenye kitabu cha tano utaanza kuchoka.

Maiti 33 na maiti 95

Vipo vitabu viwili vinavyofaa kusomwa pamoja. One Corpse Too Many, cha pili cha Cadfael, kinaanza na tukio la kweli: mwaka 1138 Mfalme Stephen aliiteka ngome ya Shrewsbury na kuwanyonga walinzi wake. Katika riwaya walionyongwa ni 94. Cadfael anaombwa akawatayarishe kwa mazishi, anahesabu, anapata 95. Wakubwa hawaoni shida, kwani mmoja ni nini kati ya wengi hivyo? Cadfael anakataa. Wale 94 waliuawa kwa amri ya mfalme na mfalme atajibu mwenyewe siku yake. Huyu mmoja aliuawa kwa siri na kufichwa kati yao kama jani kichakani, na asipotetewa hakuna atakayemkumbuka. Edith Pargeter alikuwa mwandishi wa huruma kubwa, na hapa ndipo inapoonekana wazi.

Valley of the Shadow cha Fidelma nacho kina rundo la wafu. Akiwa njiani kuelekea bonde la Gleann Geis, ambako watu bado wanafuata dini ya kale, anakuta maiti 33 za vijana zimepangwa kwa duara kana kwamba ni tambiko. Cadfael alihesabu ili kumwona mtu mmoja. Fidelma anatazama mpangilio na kujiuliza nani angetaka mpita njia aamini kuwa ni tambiko, na ufalme gani ungefaidika na hasira itakayofuata. Ni siasa tangu ukurasa wa kwanza. Kitabu cha Cadfael kilinifanya nilie, na cha Fidelma kilinifanya nikeshe, nikarudi nyuma kusoma upya kurasa za mwanzo.

Pasaka mbili katika nyumba moja

Absolution by Murder inastahili aya zake yenyewe, kwa sababu imekaa juu ya tukio ambalo bila riwaya ungelikuta katika vitabu vya historia ya kanisa tu. Mwaka 664 Mfalme Oswiu wa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, aliita sinodi, yaani mkutano wa kanisa, katika abasia ya Hild, Whitby, mahali palipoitwa wakati huo Streoneshalh. Swali kubwa lilikuwa tarehe ya Pasaka. Watawa wa upande wa Ayalandi na wa Iona, kisiwa chenye abasia yao, walihesabu kwa njia moja, Roma kwa nyingine. Beda, mtawa aliyeandika historia ya Waingereza, anaeleza jinsi ilivyowahi kutokea mfalme amekwisha kufungua na anasherehekea Pasaka, huku malkia Eanflæd, aliyelelewa katika desturi ya Roma, bado yuko Kwaresima. Aliyewahi kuona jirani wakila Idi na jirani wa pili bado wamefunga, kwa sababu ya kutokubaliana juu ya mwandamo wa mwezi, anajua kuwa jambo la namna hii si dogo hata kidogo.

Mwishowe Oswiu aliamua kufuata Roma, kwa hoja kwamba Petro ndiye mwenye funguo za mbinguni. Askofu Colmán akaondoka na wafuasi wake. Tremayne anaingiza mauaji katikati ya sinodi hiyo: abesi wa Kildare, ambaye alikuwa azungumze kwa upande wa Waayalandi, anakutwa amechinjwa. Ili pasiwe na upande wa kulalamika, uchunguzi unapewa watu wawili, Fidelma kutoka Ayalandi na Bruda Eadulf, Msaksoni anayefuata Roma. Hapo ndipo walipokutana, na watabishana juu ya Roma na Ayalandi kwa vitabu vingi vijavyo.

Riwaya ya pili, Shroud for the Archbishop, nayo imeegemea historia. Wighard, aliyeteuliwa kuwa askofu mkuu wa Canterbury, alikwenda Roma akafia huko. Beda anasema ni tauni. Tremayne anasema aliuawa, na anawapeleka wawili wetu hadi Roma kuthibitisha. Ni kitabu kizuri, ila mimi huwashauri wasomaji wapya waliozoea hadithi za haraka waruke hadi cha tatu, waonje Ayalandi yenyewe, ndipo warudi nyuma.

Fidelma ni mtawa kweli?

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapovunjika moyo, na ni afadhali ujue mapema. Ukitaka kusoma maisha ya utawa, sala za saa, ukimya, jikoni na kikanisa, Fidelma hatakupa. Yeye ni binti wa ukoo wa kifalme wa Cashel, dada wa Colgú, mfalme wa Muman. Aliingia nyumba ya watawa ya Kildare, iliyoanzishwa na Mtakatifu Brigid, kwa sababu nyumba hizo ndizo zilizokuwa makao ya wasomi. Kildare ilikuwa na wanaume na wanawake pamoja chini ya abesi na askofu. Cogitosus, aliyeandika maisha ya Brigid katika karne hiyohiyo ya 7, anaeleza kanisa lake lililogawanywa kwa ukuta ili kila upande uingie kwa mlango wake. Useja haukuwa sharti la wote. Ndiyo maana uhusiano wa Fidelma na Eadulf unakua kitabu baada ya kitabu, hadi ndoa ya majaribio ya mwaka mmoja na siku moja. Katika vitabu vya baadaye anauacha utawa kabisa na kubaki mwanasheria.

Cadfael ni mtawa kuliko yeye. Kengele za sala zinalia katika kila sura, na anaingia kanisani hata akiwa na muuaji kichwani.

Na kama unamtaka hasa mtawa wa kike, wa nyumba ya kawaida, mwenye kuvumilia masista wenzake wasioelewana, kuna wa tatu ambaye hatajwi vya kutosha: Dame Frevisse wa Margaret Frazer. Riwaya 17 kuanzia mwaka 1992, zimewekwa Oxfordshire karne ya 15 katika nyumba ndogo yenye watawa wachache na madeni mengi. Hana chochote cha Kiselti. Lakini kwa kuonyesha jinsi ukimya wa utawa unavyoweza kuwa chombo cha upelelezi, anawashinda wote wawili.

Historia iliyopakwa asali

Fidelma hachoki kumwambia Eadulf kuwa wanawake wa Ayalandi wana haki ambazo wanawake wa Roma na wa Saksoni hawana. Kuna ukweli ndani yake. Sheria za Ayalandi ziliorodhesha sababu za mke kumwacha mume, ikiwemo kumpiga hadi akabaki na alama na kumtangazia aibu hadharani, na aliyeondoka kwa sababu hizo aliondoka na mali. Lakini sheria hizohizo zinasema pia kuwa baba humsimamia binti, mume humsimamia mke, na wana humsimamia mama mjane. Na lile neno cumal, kipimo cha diya niliyoitaja, maana yake ya asili ni mjakazi. Jamii iliyopima thamani kwa mjakazi ilikuwa na wajakazi. Tremayne anajua historia hii kuliko sisi, lakini ameichagua ile nusu inayong'aa. Mfurahie Fidelma, ila usimnukuu katika mtihani.

Cadfael naye ana asali yake. Ni mtu wa fikra za kisasa ndani ya kanzu ya kale, mpole kwa wapendanao kupita kiasi, na karibu kila kitabu kina vijana wawili wanaoishia kuoana. Lakini Shrewsbury yake unaweza kuitembelea. Kanisa la abasia iliyoanzishwa mwaka 1083 bado linatumika, na masalia ya Mtakatifu Winifred, yanayosumbua kitabu cha kwanza, yaliletwa kweli kutoka Gwytherin, Wales. Mwamba wa Cashel nao upo, ila magofu utakayoyaona juu yake ni ya baadaye. Kikanisa cha Cormac kiliwekwa wakfu mwaka 1134, miaka mitatu tu kabla Cadfael hajaanza kazi.

Lugha, na wapi pa kuanzia

Vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na kwa msomaji ambaye Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu hili si dogo. Pargeter anaandika sentensi ndefu, nzuri, zenye maneno ya mimea, misimu na mavazi. Ukurasa wake unataka utulivu. Tremayne anaandika moja kwa moja, mazungumzo mengi, na maneno ya Kiayalandi anayaeleza palepale. Taabu yake ni majina: ramani na orodha ya wahusika mwanzoni mwa kitabu utazirudia mara kwa mara, na usione haya. Tena kwa kuwa anaeleza sheria upya katika kila kitabu, kinachomchosha msomaji mzoefu ndicho kinachomsaidia mgeni. Cadfael ana nafasi moja zaidi: televisheni ya ITV ilitengeneza vipindi 13 kati ya mwaka 1994 na 1998, Derek Jacobi akiwa ndani ya kanzu, na ukitazama kimoja kabla ya kusoma utakuwa umezoea sura na mahali.

Cadfael unaweza kumsoma kwa mpangilio wowote, ingawa mimi ningeanza na kile cha maiti 95. Fidelma, ukiacha ule mruko wa kitabu cha tatu nilioutaja, afadhali ufuate mpangilio walau kwa vitabu vitano vya kwanza, kwa sababu mambo ya Eadulf yakikupita huyapati tena. Kama hujui utampenda au la, tafuta Hemlock at Vespers, mkusanyiko wa hadithi fupi 15. Hadithi moja kwa jioni moja inatosha, na Eadulf akiwa hayupo utamwona Fidelma akifanya kazi peke yake, amesimama mbele ya abate aliyekasirika, akimkumbusha kwa sauti ya chini yeye ni nani kisheria.